Guruneti bila shati: urahisi uliomwokoa askari wa Kisovyeti na urahisi uliomponza

"Ingia ndani ya nyumba mkiwa wawili, wewe na guruneti. Nyote vaeni vyepesi: wewe bila mkoba wa mgongoni, guruneti bila shati." Maneno hayo ni ya Jenerali Vasily Chuikov, kamanda wa Jeshi la 62 lililong'ang'ania ukingo wa mto Volga pale Stalingrad mwaka 1942. Alikuwa akiwaelekeza askari wa vikundi vidogo vya kuvamia nyumba, vijana ambao wengi wao walikuwa na wiki chache tu tangu wavue nguo za shambani na kuvaa magwanda.

Shati analolisema ni la chuma. Guruneti lililokuwa mikononi mwa vijana wale, RGD-33, lilikuwa na bomba la bati mwilini na mpini chini yake, pamoja na vazi la chuma lililochanjwachanjwa ambalo askari angeweza kulivisha au kulivua. Likiwa na shati linarusha vipande mbali, kwa hiyo mrushaji lazima awe handakini au nyuma ya ukuta. Likiwa bila shati linaua walio karibu nalo tu, na mrushaji anaweza kukimbia mbele mara baada ya mshindo. Anayevamia chumba anahitaji la pili. Kwa sentensi mbili Chuikov amefundisha matumizi ya silaha nzima, na mtu asiyejua kusoma angeyakariri maneno yale yakamkaa.

Nimeanza na jenerali huyu kwa sababu yapo maneno mepesi ambayo tumeyazoea kuhusu silaha za Kirusi: kwamba ni rahisi, na kwamba urahisi huo ndio ulioshinda vita. Nakubaliana na nusu ya maneno hayo. Nusu nyingine inanikera, kwa kuwa inachanganya mambo mawili yasiyofanana. Kuna urahisi unaomtua askari mzigo, na kuna urahisi unaomtwisha. Maguruneti ya Kisovyeti ya vita ile yana aina zote mbili, na asiyezitenganisha ataishia kusifia kitu kilichowamaliza watu.

Tuanze na RGD-33 lenyewe. Lilibuniwa na Mikhail Dyakonov kuchukua nafasi ya guruneti la mwaka 1914, kazi ya Vladimir Rdultovsky, lililokuwa limefanyiwa marekebisho mwaka 1930. Rdultovsky alikuwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa viwashio vya mizinga na mabomu nchini mwake. Aliyatumia maisha yake kuvifanya visimdhuru anayevishika, na mwaka 1939 kiwashio cha majaribio kilimlipukia mikononi alipokuwa akikifungua. Sipiti jina lake bila kusimama kidogo. Tunapohesabu waliouawa na mabomu huwa tunawasahau wanaume na wanawake wa viwandani na maabara.

RGD-33 lilikuwa kazi ya akili nyingi, na hapo ndipo kasoro yake ilipo. Fikiria askari yuko handakini usiku, baridi imekausha midomo, vidole havisikii. Anashika bomba kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, anavuta na kuzungusha mpaka springi ya ndani ikaze. Anatelezesha kizuizi kifunike kitundu chenye alama nyekundu. Anafungua kifuniko, anatumbukiza kiwashio ambacho amekibeba peke yake mfukoni, anafunga. Saa ikifika anarudisha kile kizuizi mpaka ule wekundu uonekane tena, ndipo anarusha, na lazima arushe kwa nguvu, kwa kuwa mrusho wenyewe ndio unaofyatua kitu ndani ya mpini. Mkono mnyonge, wa mtu aliyejeruhiwa au aliyelala kifudifudi, huenda usikiwashe.

Kwenye uwanja wa mazoezi, mbele ya mkufunzi mwenye saa, mfuatano huo unafundishika. Katika vita dhidi ya Ufini, majira ya baridi ya 1939 na 1940, pale kipimajoto kilipoteremka hadi chini ya sifuri kwa nyuzi 40, ilibidi ufanywe na mtu mwenye glavu nene au mtu aliyezivua na kuhatarisha vidole. Mhandisi alikuwa amehesabu kila kitu isipokuwa hofu na baridi.

Kisha ukaja mwaka 1941. Ujerumani ilishambulia Juni 22, na kwa miezi mitano nchi nzima ilikuwa kama nyumba inayohamishwa huku inaungua. Kwa hesabu rasmi za Kisovyeti, viwanda 1,523 vilifunguliwa bolti kwa bolti kati ya Julai na Novemba, vikapakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa mashariki, Ural, Siberia na Asia ya Kati. Mafundi stadi wengi walikuwa vitani. Mashine zilisimamiwa na wanawake na vijana ambao wengine ilibidi wawekewe kreti chini ya miguu ili wafikie. Mpini wa RGD-33, wenye vipande vingi vinavyohitaji mashine sahihi na mkono uliofunzwa, ukawa anasa.

Hapo likazaliwa RG-42, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, ikiwa neno kupenda linaweza kutumika kwa kitu cha namna hii. Lilibuniwa na S. G. Korshunov mwaka 1942. Ukiliona bila kuambiwa, utadhani ni kopo la maziwa mazito lililobandikwa kitu juu. Na kwa kweli ni kopo: bati lililokatwa, kukunjwa na kufungwa kwa mashine zile zile zinazofunga samaki na nyama. Viwanda vya makopo vikalitengeneza, na warsha ndogo yoyote yenye mashine ya kufinyanga bati ingeweza kulitengeneza. Uzito wake gramu 420. Ndani, bati lililochanjwa vipande vya mraba limezungushwa kufuata ukuta wa kopo. Shati limehamia ndani na limekuwa fulana. Askari hana tena haja ya kuamua alivue au alivae.

Kilichobandikwa juu yake kina uzito mkubwa zaidi katika historia hii kuliko kopo lenyewe. Kiliitwa UZRG, herufi za maneno ya Kirusi yenye maana ya kiwashio cha pamoja cha maguruneti ya mkono, kazi ya E. M. Viceni na A. A. Bednyakov. Kiwashio hicho kilifaa RG-42 na kilifaa pia F-1, guruneti la chuma kizito nitakalolieleza sasa hivi. Mtu aliyewahi kushughulika na stoo, hata stoo ya vipuri vya pikipiki, ataelewa mara moja: kreti moja ya viwashio inahudumia aina mbili za maguruneti, na mpakiaji aliyechoka saa nane za usiku hawezi kupeleka kisichoingia. Mkononi napo mambo yakawa machache: wenzo umebanwa na kiganja, pini inavutwa, kitu kinarushwa. Wenzo ukiruka, zinabaki sekunde tatu na ushei hadi nne. Mrusho wa nguvu haukuhitajika tena ili kiwashio kifanye kazi. Hata aliyelala chini na bega moja zima aliweza kulisukumia dirishani.

Huu ndio urahisi ninaousifu. Umetoka kwa mtu aliyejiuliza maswali mawili ya kweli: nani atakitengeneza, na nani atakitumia? Jibu la kwanza lilikuwa binti wa miaka kumi na sita mbele ya mashine ya bati. Jibu la pili lilikuwa kuruta anayetetemeka. Silaha ikapunguzwa hadi ikawaenea wote wawili, na haikupoteza chochote cha maana njiani.

F-1 lilikuwa tayari limefika hapo kwa njia ndefu. Asili yake ni Ufaransa, ambako guruneti la jina hilo hilo lilitoka mwaka 1915. Urusi ya mfalme ililipokea wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na Wasovyeti wakarithi maghala. Katika miaka ya 1920 lilipewa kiwashio cha Koveshnikov, na mwaka 1939 mhandisi F. I. Khrameev alisimamia uundaji wa toleo la nyumbani. Ni chuma cha kumiminwa kwenye kalibu, kina mifereji mgongoni, na lina uzito wa gramu 600 hivi ambamo vilipuzi ni gramu 60 tu. Askari waliliita limonka, kwa lugha yetu tungesema kilimau. Vipande vyake vinaweza kudhuru hadi mita 200, ilhali mkono wa binadamu unalifikisha mita 35 hadi 45. Kwa hiyo ni silaha ya aliye handakini, na ole wake anayelirusha amesimama uwanjani.

Wazee wetu wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma mwaka 1944 walirusha bomu la Mills la Waingereza, nalo la chuma cha kumiminwa, nalo la wenzo na pini. Mtu wa Tabora au Machakos aliyefunzwa lile angelijua hili kwa kulishika tu. Kadiri mataifa yalivyozidi kupigana ndivyo yalivyofikia kitu kile kile kinachokaa kiganjani.

Na kilimau hakikuishia Ulaya. F-1 liliendelea kutengenezwa baada ya vita, likaigwa na nchi nyingine, likafika Afrika kwa vita vya ukombozi na kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sitaki kulipita jambo hili haraka. Sifa ile niliyoisifu, kwamba asiyefundishwa analiweza, haichagui nani asiyefundishwa. Kuruta wa Stalingrad alikuwa na miaka 18. Mtoto anayeokota kitu cha kijani chenye umbo la tunda pembeni mwa shamba ana miaka minane, na vidole vyake vinaweza kuvuta pini vilevile. Chuma cha kumiminwa hakiozi upesi.

Sasa nifike kwenye urahisi wa aina ya pili.

Chukua pakiti ya kilo moja ya sukari, uifunge pamoja na kikombe cha maji. Huo ni uzito wa RPG-40, guruneti la kuvunjia vifaru lililobuniwa na M. I. Puzyrev: kilo 1.2, ambamo vilipuzi ni zaidi ya gramu 700. Nenda uwanja wa mpira, simama pale linapoishia boksi la kumi na nane, urushe pakiti hiyo hadi mstari wa goli. Ni mita 16 na nusu. Kijana mwenye nguvu atafikisha mita 20, au 25 akijitahidi. Sasa weka kwenye mstari wa goli kifaru cha tani 20 kinachotembea kuja kwako, chenye bunduki mbili za rashasha, na nyuma yake askari wa miguu wanaokutafuta wewe hasa. Na ukumbuke kwamba mlipuko wa vilipuzi vingi hivyo kwa umbali huo unakuathiri hata wewe. Usiporudi haraka chini ya ardhi utakuwa umejiumiza.

Je, ungefanikiwa? RPG-40 lilivunja chuma cha milimita 20 hadi 25. Ubavu wa vifaru vya Panzer III na Panzer IV ulikuwa milimita 30. Kwa hiyo askari alitakiwa alenge minyororo, au paa, au mgongo juu ya injini, maana yake akiache kifaru kimfikie au kimpite. Jibu la kwanza la wahandisi lilikuwa kuongeza vilipuzi: RPG-41 likafika kilo 1.4. Kwa kila gramu iliyoongezwa, mkono ulirusha karibu zaidi. Ndiyo hesabu ya kikatili ya silaha ya kutupa: nguvu yake ikipanda, anayeitupa anasogezwa kwenye hatari.

Mwaka 1943 ilikuja akili mpya. RPG-43 la N. P. Belyakov, na baadaye mwaka huo RPG-6, yalitumia kilipuzi chenye uwazi wa umbo la faneli kinachoelekeza nguvu yote mbele, kama maji ya mpira unapoubana mdomoni. RPG-43 lilitoboa milimita 75, RPG-6 kiasi cha 100. Lakini faneli inafaa ikitazama chuma, kwa hiyo mkiani ziliwekwa tepu za kitambaa zinazofunguka hewani ili kichwa kitangulie, kama mkia wa tiara. Ni ubunifu mzuri, sina neno juu yake. Hata hivyo umbali haukuongezeka, ulikuwa mita 15 hadi 20. Kutoka 1940 hadi 1945 guruneti liliongeza uwezo wa kutoboa mara nne, na mwanadamu aliyelibeba hakuruhusiwa kurudi nyuma hata hatua moja.

Wenzao walikuwa wameshaanza kurudi nyuma. Marekani iliingiza bazuka vitani mwaka 1942. Ujerumani ilitoa Panzerfaust mwaka 1943, ya mita 30 mwanzoni, kisha 60. Jeshi Jekundu lilikuwa na bunduki ndefu za kupigia vifaru, PTRD na PTRS, zilizofanya kazi kubwa tangu 1941 kwenye mbavu za vifaru vyepesi na vya kati lakini hazikumtisha Tiger, kifaru kizito cha Wajerumani, akiwa mbele yako. Mpaka vita vinakwisha, askari wa miguu wa Kisovyeti hakuwa na bomba la begani la nchi yake mwenyewe. Pale Berlin mwaka 1945 aliziokota Panzerfaust za Wajerumani na kuzitumia.

Mtu atasema nchi ilikuwa maskini na imevamiwa, haikuwa na nafasi ya kuchagua. Ningekubali, kama nisingejua kwamba wazo hilo lilishakuwepo. Boris Petropavlovsky alijaribu bomba la roketi la begani la milimita 65 mwanzoni mwa miaka ya 1930. Alifariki mwaka 1933. Leonid Kurchevsky alipewa fedha, viwanda na sikio la wakubwa kwa ajili ya mizinga yake isiyorudi nyuma inapofyatuliwa. Mizinga hiyo haikutegemeka, akakamatwa mwaka 1937, na wazo lote likanuka pamoja na jina lake. Katika dola ambamo kushindwa kwa jaribio kuliweza kuitwa uhaini, nani angelifufua? Pengo hilo lilijazwa na guruneti la kilo moja na robo na bega la kijana. Ndiyo maana nakataa kuliita jambo hili urahisi wa Kirusi kana kwamba ni hekima. Lilikuwa deni la maofisi, na lililipwa handakini.

Herufi zenyewe zinashuhudia. Msomaji wetu anajua RPG kutoka habari za Somalia na Kongo, lile bomba la begani lenye kichwa cha umbo la ua la ndizi. Hilo ni RPG-7 la mwaka 1961, mjukuu wa RPG-2 la mwaka 1949. Lakini katika RPG-40 na RPG-43 herufi ya mwisho ilisimamia guruneti. Katika RPG-7 inasimamia kirusha-guruneti. Herufi ni zile zile tatu, na kati ya maana hizo mbili wamelala watu ambao mkono wao wenyewe ndio uliokuwa kirushaji.

Badala ya hesabu hiyo, watu walipewa hadithi. Novemba 28, 1941, gazeti la jeshi Krasnaya Zvezda liliandika habari za wanaume 28 wa divisheni ya Panfilov waliodaiwa kuvizuia vifaru karibu na Dubosekovo, njiani kwenda Moscow, kwa maguruneti na chupa za moto, wakafa wote. Kila mtoto wa Kisovyeti aliyasoma maneno ya kamisaa wao: Urusi ni kubwa, lakini hakuna pa kurudi, nyuma yetu ni Moscow. Uchunguzi wa mwendesha mashtaka wa jeshi mwaka 1948 ulikuta kwamba hadithi ilitungwa na waandishi wa gazeti. Kamanda wa regimenti alieleza kuwa kombania nzima, ya nne, ilipigana pale siku ile, ikapoteza watu zaidi ya 100, na si wale 28 peke yao. Ripoti ilifichwa, ilichapishwa na hifadhi ya taifa ya nyaraka mwaka 2015. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ukweli haukuhitaji kutiwa chumvi. Kombania nzima ilifutwa kwenye kumbukumbu ili wabaki 28 wenye sura nzuri.

Chupa nazo zina ukumbusho wake ofisini. Julai 7, 1941, Kamati ya Taifa ya Ulinzi iliagiza wizara ya viwanda vya chakula ijaze chupa 120,000 za kimiminika cha moto kila siku. Wafini walikuwa wameshaipa silaha ya aina hiyo jina la Molotov, waziri wa mambo ya nje wa Kisovyeti, walipoitumia dhidi ya vifaru vyake. Mwaka uliofuata chupa hizo zilikuwa Stalingrad, karibu na kiwanda cha Oktoba Nyekundu, mikononi mwa askari wa majini aliyeitwa Mikhail Panikakha.

Ilikuwa Oktoba 2, 1942. Maguruneti yalikuwa yamemwishia, amebaki na chupa mbili. Alitambaa kuelekea kifaru kilichotangulia, akainua ya kwanza ili airushe, risasi ikaipasua juu ya kichwa chake, moto ukammwagikia mwili mzima. Hakurusha ya pili. Alisimama akiungua, akakifikia kifaru kwa miguu yake, akaivunjia chupa ile juu ya matundu ya injini. Chuikov aliliandika tukio hilo. Nishani ya kwanza aliipata mwaka ule ule, akiwa amekwisha kufa. Ile ya juu kabisa, ya Shujaa wa Umoja wa Kisovyeti, ilitolewa mwaka 1990.